Blauzi ya Kiblaan, kutoka Polomolok

Nadarizi kofia na vitambaa hapa Tanga mwaka wa 18 sasa. Nguo iliyodariziwa naigeuza nje ndani kwanza. Ndivyo nilivyofanya Polomolok, kusini mwa Mindanao, Ufilipino, kwenye kiduka cha akina mama wa Kiblaan, kabila la wenyeji wa huko. Ndani palikuwa safi karibu sawa na nje! Hakuna uzi uliorukishwa kutoka ua hadi ua, hakuna fundo linalokwaruza ngozi.

Kitambaa ni cheusi. Mabegani na mikononi kuna misalaba midogo ya uzi mwekundu, mweupe na manjano, imepangwa mpaka ikatoa maumbo ya pembe kali. Kifuani kuna vipande vya gamba la chaza, na kila kimoja kimeshonwa peke yake. Nimevuta kimoja kwa ukucha, hakikutikisika. Kudarizi huku wao wanakuita msif. Nililipa peso 3,800 na sikuomba kupunguziwa, maana najua siku ngapi za macho ziko pale.

Kasoro ni moja: kwapa zinabana. Wenye mikono minene kama yangu, agizeni kwa vipimo vyenu.

Sketi yake, tabih, ndiyo iliyoniumiza. Nilianza kwa kununua moja mjini General Santos, duka jingine kabisa, nikaambiwa ni ya kufumwa kwa mkono. Ilikuwa pamba iliyopigwa chapa kiwandani. Tabih ya kweli ni nyuzi za abaca, mmea wa jamii ya mgomba. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, hufungwa kwa vifundo, hutiwa rangi, kisha hufumwa kwa kitanda cha mfumi ambacho mfumaji hukifunga kiunoni mwake. Rangi imo ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo nakshi inaonekana pande zote mbili. Yangu ilikuwa imepauka nyuma. Geuza kabla hujalipa, ndugu yangu.

Polomolok hiyohiyo, kijiji cha Landan, ndiko alikoishi Bibi Yabing Masalon Dulo, mfumaji ambaye mwaka 2016 serikali ilimtangaza kuwa hazina hai ya taifa. Alifariki 2021 akiwa na miaka 106. Fundi aliyenihudumia alimtaja kwa sauti ya chini, mkono ukiwa juu ya kitambaa.

Blauzi naifua kwa maji baridi, naianika kivulini. Mwaka umepita, hakijadondoka kipande hata kimoja.