Kibegi cha kubebea insulini, nimekijaribu Dodoma mpaka Mwanza

Wenye wazazi wa sukari njooni huku. Hiki kibegi nilikichukua Soko la Majengo, ni vile vya kubebea maziwa ya mtoto, ndani kina silva na zipu juu. Nimesafiri na mama kwa basi, tumepandia Nane Nane alfajiri, tumepita Manyoni mpaka Singida jua linawaka na bado ubaridi upo, kwa hela yake kiko poa sana aisee. Ila barafu isigusane na dawa, insulini ikiganda imeshaharibika hiyo hata ikiyeyuka, mi barafu naiviringisha kwenye taulo dawa inakaa upande wa pili. Kalamu ya kuchomea insulini ambayo mama ameshaanza kuitumia haihitaji baridi kali, nyingi zinavumilia mpaka nyuzi 30 kwa wiki 4 hivi, lakini siti ya dirishani mchana hizo nyuzi zinapita kwa hiyo nayo naitia humo humo. Na konda asikitupe kwenye buti, kikae miguuni pamoja na glukosi ya kumpa sukari ikishuka, maana akitangaza dakika 10 za kuchimba dawa usidhani utapata chakula hapo, labda soda na mahindi ya kuchoma. Zipu ndo imeanza kugoma, nimeipaka mshumaa.