Kabla hujanunua matairi ya mchezo wa koni, soma tarakimu nne

Mwaka 2024 nilinunua matairi manne ya Vitz yangu, saizi 165/70R14, hapa mjini Unguja. Vinywele vya mpira bado vimesimama, stika haijabanduka, na muuzaji ananiapia: "Dada, mapya haya, yameshuka juzi." Laki tano na nusu zikanitoka. Jumapili tukapanga koni zetu kiwanjani Fumba, maana mchezo wenyewe ni kupita na gari kati ya koni huku saa ikikuhesabia; kona ya pili tu gari likaserereka kama limekanyaga maganda ya embe, likazoa koni tatu. Kwa sheria za wenzetu wa Marekani kila koni unayoiangusha unaongezewa sekunde 2, basi hesabu mwenyewe.

Nikapiga magoti na tochi ya simu. Ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pameandikwa 1116: wiki ya 11, mwaka 2016. Tairi "jipya" lina miaka minane!

Kwa hiyo leo sisemi habari za kashata, ile mikato ya juu ya tairi, wala rangi ya rimu. Mpira hukauka hata ukikaa dukani, sembuse ule unaoanikwa juani mlangoni kutwa. Ubonyeze kwa ukucha: ulio hai unabonyea kisha unarudi, uliokufa ukucha unateleza. Na jueni kwamba tarakimu hizo aghalabu huandikwa kamili ubavu mmoja tu. Fundi akifunga ubavu huo kwa ndani, huzioni mpaka ulale chini ya gari. Zisome kabla tairi halijapanda kwenye rimu.

Tairi la kwanza kwangu ni Yokohama, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Tairi lao la Advan A052 lina namba 200 kwenye neno TREADWEAR ubavuni, yaani kipimo cha kuisha kwa mpira. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini, unashika lami na unaisha upesi. Klabu nyingi za Marekani zimeweka hiyo 200 kuwa kima cha chini kwa madaraja ya matairi ya barabarani. La pili Bridgestone Potenza RE-71RS, nalo ni 200, kali sana. Yote mawili utaagiza, na uulize saizi kabla hujatuma pesa. La tatu, tairi lolote la kawaida lisilozidi mwaka mmoja au miwili. Mtumba kwa mchezo huu, hapana.

Rimu za Vitz ni boliti nne, 4x100 (boliti nne kwenye duara la milimita 100), na tundu la katikati milimita 54.1. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi, basi dai pete za kuziba nafasi, la sivyo usukani utatetemeka. Shokapu nunua KYB, zote nne kwa pamoja, kabla hujafikiria springi fupi.

Kinachoniuma mpaka leo ni pale niliporudi dukani. Nikaambiwa, "Hizo namba za kiwandani tu, dada," na kwamba yakishafungwa hayarudi. Bei ile ile ya tairi la mwaka huu! Ingekuwa nusu bei na nikaambiwa ukweli, ningechagua mwenyewe. Siku hizi naingia na tochi yangu, nageuza tairi moja moja mbele yao, na wakinuna natoka naenda duka la pili.