Udongo wa diatomu au kaolini: upi upake usoni?

Ukiziweka poda hizi mbili kwenye vibakuli, kwa macho huenda usizitofautishe: zote nyeupe, zote laini kama unga. Chukua kidogo usugue katikati ya vidole. Kaolini inateleza. Udongo wa diatomu unakwaruza kwa mbali, kama chaki iliyoingia mchanga.

Udongo wa diatomu ni magamba ya mwani mdogo sana uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Magamba hayo ni ya silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga), na yamejaa matundu. Matundu ndiyo yanayofyonza mafuta, na kingo zake ndizo zinazosugua ngozi iliyokufa. Kaolini ni madini ya alumini na silika, chembe zake ni vibapa vilivyolaliana. Nayo hufyonza mafuta, ila kwa upole.

Kwa uso wa mafuta usio na vidonda, diatomu kidogo ndani ya maski inafaa, mara moja kwa wiki. Ngozi kavu, au yenye chunusi zilizoiva? Kaolini, bila ubishi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi. Diatomu ikitimka inakausha koo, kwa hiyo changanya taratibu, pua na mdomo ukiwa umeziba. Ile iliyochomwa kwa joto kali, inayouzwa kwa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea, ina silika ya fuwele inayodhuru mapafu. Hiyo usiiguse kabisa kwa urembo, hata kama ni ya bei nafuu.