TAHADHARI: Diski kongwe zinauzwa kama mpya kwa wanaojenga seva za filamu na muziki nyumbani

Natoa tahadhari kwa yeyote anayekusanya vipuri vya kujengea seva ya kuhifadhi filamu, muziki na picha za familia nyumbani. Yupo muuzaji katika masoko ya mtandaoni anayeuza vifurushi vilivyokamilika, yaani prosesa, bodi mama, RAM, pawa saplai na diski nne za terabaiti 12 kila moja, na katika tangazo lake anaeleza kwamba kila kitu ni kipya na hakijafunguliwa. Kifurushi chake nimekinunua na kukikagua. Bodi na RAM ni kama zilivyotangazwa, prosesa ina walakini nitakaoueleza hapa chini, lakini diski zote nne ni mitumba iliyofutiwa kumbukumbu ili zionekane hazijawahi kufanya kazi. Jina la duka silitaji kwa sababu madai yangu ya kurudishiwa fedha bado yanashughulikiwa, na pia kwa sababu lisingewafaa sana: tangazo hilohilo, pamoja na picha zilezile hadi kivuli cha mkono wa mpiga picha, tayari limeonekana chini ya jina jingine.

Kila diski hujiwekea kumbukumbu zinazojulikana kama SMART, ambamo husomwa jumla ya saa ilizokuwa imewashwa, idadi ya mara ilizowashwa na sekta zilizoharibika. Kumbukumbu hizo zinaweza kurudishwa kwenye sifuri kwa vifaa maalumu, kama mita ya gari lililokwisha kutembea inavyorudishwa nyuma kabla ya kutafutiwa mnunuzi. Diski ya kwanza niliyoiunganisha ilionyesha saa 4 tu za kazi, kiasi ambacho mtu anaweza kukikubali kwa diski mpya. Aliyeifuta, hata hivyo, hakuimaliza kazi yake. Katika orodha ya majaribio ambayo diski hujifanyia yenyewe palikuwa pamesalia jaribio refu lililofanyika ikiwa imetimiza saa 26,118, yaani karibu miaka mitatu ya kuzunguka usiku na mchana, kwa kuwa mwaka mzima una saa 8,760. Kumbukumbu ya joto nayo ilionyesha kwamba diski iliwahi kufika nyuzi 61 za Selsiasi, joto ambalo diski iliyolala ndani ya mfuko wake haiwezi kulifikia.

Ushahidi mwingine haukuhitaji kompyuta hata kidogo. Midomo ya mashimo ya skrubu ubavuni ilikuwa inang'aa pale ambapo rangi imekwanguka, na vibati vya konekta ya SATA, yaani kiunganishi cha kawaida cha diski za kompyuta za nyumbani, vilikuwa na michirizi myembamba ya kuchomekwa na kuchomolewa mara nyingi. Lebo, kinyume chake, ilikuwa safi mno kwa mwili ule, na chini ya ukingo wake mmoja palionekana mstari wa gundi ya lebo iliyotangulia.

Utapeli wa namna hii hauko kwa muuzaji mmoja pekee. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilibainika nchini Ujerumani, kisha katika nchi nyingine, kwamba diski za kampuni ya Seagate za aina inayotumika kwenye vituo vya data zilikuwa zikiuzwa kama mpya ilhali zina maelfu ya saa za kazi. Shuku ilielekezwa kwa wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Chia, ambayo huchimbwa kwa kutumia nafasi ya diski badala ya nguvu ya prosesa. Sarafu hiyo ilipoanza mwaka 2021 wachimbaji walinunua diski kubwa kwa wingi, na faida ilipokauka, shehena hiyo yote ilibaki ikisubiri wa kuichukua. Mwezi Mei mwaka huohuo wa 2025 karakana moja nje ya Kuala Lumpur ilivamiwa, na humo zikakutwa karibu diski 700 zilizochakachuliwa. Anayejenga seva ya nyumbani ni windo jepesi kwa watu hawa, maana anahitaji diski kubwa kadhaa kwa mpigo, hana idara ya ununuzi ya kumkagulia mzigo, na huzijaza filamu polepole kiasi kwamba hitilafu hujitokeza wakati muda wa kurudisha bidhaa umekwisha kupita.

Ieleweke kwamba sina ugomvi na diski iliyotumika ikiuzwa waziwazi kama iliyotumika, saa zake zikatajwa na bei ikalingana nazo. Kwa filamu ambazo mwenyewe anaweza kuzinakili tena kutoka kwenye diski zake asilia, huo ni ununuzi wa busara. Picha za watoto ni suala jingine.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, amri ya smartctl -x, ya programu inayosoma SMART, hutoa kumbukumbu zote kwa pamoja, na kosa la wengi ni kuishia kwenye mstari wa saa za kazi, ambao ndio wa kwanza kufutwa. Linganisheni saa hizo na orodha ya majaribio, na kumbukumbu ya makosa, na takwimu za kifaa, na joto la juu kabisa lililowahi kufikiwa. Zikipingana, diski imechezewa. Kwa diski za Seagate ipo kumbukumbu ya pili iitwayo FARM, inayosomwa kwa amri ya smartctl -l farm katika matoleo ya karibuni ya programu hiyo, na ndiyo iliyowaumbua wauzaji wa mwaka 2025, ingawa baadaye zimepatikana diski ambazo hata FARM yake imeguswa. Kwa sababu hiyo, namba ya mfululizo iliyo kwenye lebo ilinganishwe na ile inayosomwa na kompyuta, kisha iingizwe kwenye tovuti ya mtengenezaji ili waranti yake ionekane. Diski inayoitwa mpya ilhali waranti yake imekwisha, au iliuzwa awali kwa kampuni inayounda seva, inatia shaka kubwa. Baada ya hapo fanyeni jaribio refu la diski nzima. Kwa diski ya terabaiti 12 litachukua takriban siku nzima, nalo lianze siku mzigo unapofika.

Yupo pia anayeuza diski ya SAS, aina iliyokusudiwa seva za makampuni, kwa mtu mwenye bodi ya SATA, na huyu hana haja ya kufuta chochote. Kwa mtazamo wa haraka diski hizo mbili zinafanana, lakini kwenye konekta ya SAS ule mwanya ulio kati ya sehemu ya umeme na sehemu ya data umezibwa, na diski hiyo haitaingia kwenye waya wa SATA; inahitaji kadi maalumu ya kuiendesha. Teknolojia ya SMR nayo, ambayo hulaza njia za data zikipandiana kama vigae, hufichwa katika matangazo mengi. Hata Western Digital ililazimika mwaka 2020 kukiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizokusudiwa seva za nyumbani, zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Kwa kutazama filamu tu SMR haina madhara makubwa. Balaa hutokea diski moja inapokufa na data yake ikawa inajengwa upya kwenye diski mpya ndani ya RAID, yaani mpango wa kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data isipotee, kwani uandishi hushuka kasi mno na kazi ya saa nyingi ikawa ya siku nyingi, huku diski zilizosalia zikiwa hazina mbadala.

Sasa prosesa. Tangazo lilisema "Core i7 yenye uwezo wa kugeuza video za 4K", bila kutaja kizazi wala namba kamili. Neno hilo la Core i7 peke yake halimwambii mnunuzi kitu. i7-2600 ya mwaka 2011 ni i7, lakini sehemu yake ya michoro haiijui kodeki ya HEVC, yaani mbinu ya kubana video inayotumika sana kwa 4K. HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo ya filamu nyingi za 4K, ilianza kusomwa kikamilifu na michoro ya ndani ya Intel katika kizazi cha 7. Niliyoipokea mimi ilikuwa na herufi F mwishoni mwa namba yake, na herufi hiyo kwa Intel ina maana kwamba michoro ya ndani haitumiki kabisa, kwa hiyo Quick Sync, yaani mtambo wa kugeuza video, haupo. Prosesa ndogo ya N100, inayotumia umeme kidogo sana, ingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Pawa saplai ya kifurushi hicho ilikuwa na nembo ya 80 PLUS, ya kuthibitisha kwamba haipotezi umeme mwingi, lakini haikuwa na namba ya modeli ya kuithibitishia. Niliitoa na kuiweka kando bila kuiwasha. Pia muuzaji alitoa kama zawadi diski ndogo ya nje iliyoandikwa terabaiti 16. Vifaa vya namna hiyo mara nyingi huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu ndani, iliyopangwa kuidanganya kompyuta kuhusu ujazo wake, na faili zinazozidi ujazo halisi hupotea kimyakimya. Programu za H2testw na F3 huufichua udanganyifu huo.

Nilipomwandikia, alidai kwamba zile saa 26,118 ni "kosa la programu", kisha akaomba tuhamishie mazungumzo nje ya soko, akiahidi kunirudishia nusu ya fedha endapo ningefunga madai kwanza. Msikubali sharti hilo, kwa kuwa masoko mengi hayaruhusu madai yaliyofungwa na mnunuzi kufunguliwa tena. Rekodini video ya kufungua boksi bila kukatisha, namba za mfululizo zikisomeka, na matokeo ya smartctl yahifadhiwe kama faili ya maandishi na kuambatishwa kwenye madai siku hiyohiyo.

Tangazo lake, chini ya jina lolote atakalolitumia, linatambulika kwa mambo mawili: katika kila picha namba ya mfululizo imefunikwa kwa stika nyeupe, na akiombwa namba hiyo kabla ya malipo hujibu kwamba hutolewa baada ya mzigo kusafirishwa.