Glibenklamaidi 5 mg: bei poa, inashusha sukari kweli, ila haiulizi kama umekula

Nyota 3 kati ya 5, na nyie mnaoimeza miaka yote haijawafanya kitu msinirukie kwanza, someni mpaka chini.

Mtumiaji sio mimi ni mama yangu, miaka 67, tuko Tanga, kisukari aina ya pili anaishi nacho mwaka wa nane huu. Alikuwa na metiformini tu (dawa nyingine ya kisukari), sukari ikawa inagoma kushuka, asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni unakuta 11, 12, basi zahanati moja wakamuongezea hivi vidonge, kimoja kila asubuhi. Bei sina neno, strip nzima haifiki nusu kilo ya sukari (utani wa mama huo, sio wangu). Kila duka la dawa utakipata hata yale ya uchochoroni, kidogo hakikwami kooni, na hakina ile harufu ya samaki ya metiformini. Wiki mbili tu mashine inasoma 7 na pointi, mama roho kwatu, akaanza kukipigia debe kwa wenzie wa kikoba.

Sasa siku ya siku. Msiba mtaa wa pili. Mama kaamka alfajiri kaswali, kameza kidonge na maji, akajisemea chai ntakunywa hukohuko. Msiba mnaujua, ukifika tu unapewa kisu na karai la vitunguu, mara wageni wanatoka Muheza wapokelewe, chai ikaja ikanywewa na waliokaa, waliokuwa jikoni ndo hivyo tena. Saa 6 mchana naletewa mama na bodaboda, kashikwa na binti wa jirani kwa nyuma, dera limelowa jasho utasema katoka kuoga, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la mjomba ambaye alishafariki zamani. Shangazi anasema presha hiyo, mwingine anataka asomewe. Nikamtoboa kidole, sukari imeshuka mno. 2.4.

Soda nusu chupa (ile yenye sukari, msije mkampa mtu ile isiyo na sukari mkadhani mmesaidia), baada ya robo saa 4.9, anaongea vizuri, anauliza kwa nini watu wamejaa sebuleni. Tukampa wali akala, tukajua yameisha. Saa 10 jioni napima tena, 3.1. Kala wali jamani! Hapo ndo tukakimbilia hospitali, akawekewa dripu ya glukosi na tukalazwa, maana daktari alisema kidonge hiki kinaweza kufanya kazi mwilini saa 24 nzima na kwa wazee ndo kinachelewa zaidi kutoka, kwa hiyo unapandisha sukari chenyewe bado kipo kinashusha.

Mi nafundisha bayolojia sekondari, na usiku ule kwenye benchi la wodi ndo nimeelewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakiandika ubaoni tu wanafunzi wananakili tunaendelea. Naomba niwaeleze maana bila hiki hamtaelewa kwa nini nimekata nyota 2.

Kwenye kongosho kuna seli zinazoitwa beta, ndo zinatengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Zinaitengeneza na kuiweka akiba kwenye vifuko vidogo sana, seli moja ina vifuko kama 10,000, vimekaa vinasubiri. Vinasubiri nini? Kalsiamu. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani karibu mara 10,000, yaani inasukuma mlango muda wote, na seli inatumia nguvu zake kuitoa nje kila inapopenya. Ikiruhusiwa kuingia kidogo tu, inashika protini fulani inaitwa sinaptotagmini, ambayo na wenzake kama kamba zinavuta kifuko mpaka kwenye utando wa seli (ile ngozi yake nyembamba), tando mbili zinaungana, insulini inamwagika kwenye damu. Mi naifananisha na kengele ya shule. Ikilia watoto wote nje, hakuna anayeuliza ni saa ngapi.

Swali ni nani anapiga kengele. Kwa mtu mzima wa afya anayepiga ni chakula chenyewe. Umekula, glukosi imeingia kwenye seli, ikachomwa, ikatoa nishati ile tunayoiita ATP, ATP ikizidi inafunga milango ya potasiamu, potasiamu haitoki tena, umeme wa utando wa seli unabadilika, na badiliko hilo la umeme ndo linafungua milango ya kalsiamu. Hatua zote hizo zina maana, ni kama sahihi za ofisini, kila mmoja anathibitisha kweli chakula kimeingia.

Glibenklamaidi inaruka sahihi zote. Inakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa potasiamu inaubana. Basi. Seli inaona mlango umefungwa, inajua huyu katoka kula pilau, kengele inalia, insulini inatoka, kumbe mama wa watu yuko msibani anamenya vitunguu na tumbo tupu. Na pale sukari iliposhuka mara ya pili pia nikaelewa, tulivyomlisha wali glukosi nayo ikazichochea seli zilezile ambazo tayari zimeshikwa na kidonge.

Halafu kilichonichekesha (baadaye sana, sio siku ile), lile jasho na mtetemo vilivyomuokoa mama navyo ni kalsiamu. Ubongo ukikosa sukari unatuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, mwisho wa mshipa kalsiamu inaingia vifuko vinamwaga kemikali yake, kemikali inaigusa tezi iliyo juu ya figo, huko nako kalsiamu inaingia vifuko vingine vinamwaga adrenalini, ndo moyo unadunda na mikono inatetemeka, na jasho lililolowesha dera linaletwa na mishipa ya fahamu yenyewe kwa kemikali yake. Kengele ileile, shule tofauti. Mshipa wa fahamu tu ndo una haraka, unamaliza chini ya sekunde moja ukiigawa mara elfu, insulini yenyewe inatoka ya haraka kwanza dakika chache halafu inaendelea polepole.

Shangazi naye aliposikia neno kalsiamu kaenda kumnunulia mama vidonge vya mifupa. Shangazi yangu nakupenda, ila kalsiamu hii haihusiani na maziwa uliyokunywa, kwenye damu ipo tayari ya kutosha, tatizo ni mlango kufunguliwa bila sababu.

Nisiionee dawa lakini. Ukoo wake uligundulika 1942 kule Montpellier Ufaransa, daktari Marcel Janbon anatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa ya salfa, akaona wanashukiwa sukari. Yaani iligundulika kwa kosa lilelile lililomkuta mama! Na kuna watoto wachanga wanazaliwa na kisukari kwa sababu mlango wao wa potasiamu una hitilafu haufungi, insulini ipo imejaa kwenye vifuko haitoki, wengi wao wakipewa glibenklamaidi mlango unafunga na sindano wanaachana nazo. Kwa hao ningetoa nyota 5 na ya sita.

Ila kwa mzee? Orodha ya dawa muhimu ya WHO yenyewe inasema haifai kwa aliyevuka miaka 60, na aliyempa mama aliiona tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kadi. Hakumwambia hata neno moja kuhusu kula, alisema "kimoja asubuhi" akaita mwingine. Nyota 1 nimekata hapo, ya pili nimekata kwa ile siku nzima ya kupima kila saa.

Sasa hivi daktari kamhamishia gliklazaidi, ukoo mmoja na inabana mlango uleule, lakini haishushi ovyo kama ile, bei imepanda kiasi. Masharti ni yaleyale, sahani kwanza. Msiache dawa zenu kwa sababu yangu, mkaongee na daktari, na mwenye mzazi wa umri huo angalia strip yake imeandikwaje leo hii.

Mama siku hizi haendi msibani bila tende kwenye mkoba. Strip mbili za glibenklamaidi zilizobaki jirani alikuja kuziomba, anasema yeye tumbo lake gumu. Nimemnyima, na salamu yangu haitikii mpaka leo.