Tahadhari: muuzaji wa NES anayekwambia "puliza tu"

Ndugu zangu mnaotafuta NES za zamani (mashine za gemu za Nintendo) hapa Marekani, someni hili kabla hamjatuma hela. Mwezi uliopita nililipa dola 140 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyetangaza kwamba mashine "imefanyiwa matengenezo, soketi mpya", yaani pale kaseti ya gemu inapochomekwa. Video aliyonitumia ilionyesha gemu likicheza vizuri kabisa. Haikuonyesha kaseti ikichomekwa, na hapo ndipo nilipoliwa.

Mzigo ulipofika, taa nyekundu ikawa inawaka na kuzima kila sekunde, na skrini nayo vilevile. Nikamwandikia. Akajibu kwa upole: "Kaka, mashine za zamani ndivyo zilivyo, puliza kaseti urudishe." Nikapuliza, maana sisi tuliokulia na mashine za kuiga Famicom (ndugu ya NES wa Japani) kule nyumbani tulipuliza utoto mzima. Mara ikubali, mara igome. Kesho yake akasema nijaribu kaseti nyingine, keshokutwa nibadilishe waya wa umeme. Siku 14 za kurudisha mzigo zikaisha tukiwa tunaandikiana. Siku ya 15 akanitajia bei ya matengenezo: dola 60, na kusafirisha juu yangu.

Nikachukua bisibisi nikaifungua mwenyewe. Soketi ya pini 72 ni ileile ya zamani, pini zimelala. NES iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 ina udhaifu huo: kaseti unaisukuma ndani kisha unaikandamiza chini, na pini zinachoka. Ndani yake kuna chipu ya ulinzi inayowasiliana na chipu nyingine iliyo kwenye kaseti. Mawasiliano hayo yakikatika, mashine inajianzisha upya tena na tena, ndiyo hiyo taa. Famicom ya Japani ya 1983 haina chipu hiyo, na kaseti yake inaingia kutoka juu. Kupuliza kunaonekana kusaidia kwa sababu umeichomoa kaseti na kuichomeka upya. Mate unayoyaacha yanaleta kutu, na Nintendo wenyewe walikataza.

Kilichoniuma zaidi ni kaseti mbili alizonipa kama zawadi. Meno yake, yaani sehemu inayogusa pini za soketi, yamepigwa msasa. Ukizielekeza kwenye mwanga unaona mikwaruzo imelala upande mmoja, dhahabu imetoka katikati na shaba imejitokeza. Kaseti ya namna hiyo inang'aa na kusoma vizuri siku ya kuuzwa, lakini shaba iliyo wazi inashika kutu, na ile dhahabu hairudi. Vitu vimetunzwa zaidi ya miaka 30, mtu anaviharibu kwa dakika mbili ili auze!

Kwa hiyo mwambieni muuzaji arekodi video moja isiyokatwa, achomoe na kuchomeka kaseti mara tatu bila kupuliza, huku taa inaonekana. Je, anadai kwamba soketi ni mpya? Muulizeni kaseti inatoka kwa urahisi kiasi gani, kwani soketi nyingi za bei rahisi zinaibana mno, unaivuta kwa mikono miwili. Ombeni picha ya karibu ya meno ya kila kaseti. Na msikubali kulipa kwa njia ya kutumiana hela kama marafiki, hata akiwapunguzia dola 10, kwa sababu malipo hayo hayana ulinzi wa mnunuzi.

Yangu niliiokoa. Niliichemsha soketi kwenye maji dakika chache, nikaiacha ikauke kabisa, kisha nikasafisha meno ya kaseti zangu kwa pamba za masikio na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na kitu. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Taa sasa imetulia. Zile kaseti mbili zilizopigwa msasa nimeziweka pembeni.

Kama kuna mashine unataka kuinunua na una shaka nayo, weka hapa picha za meno na soketi, nitazitazama kabla hujalipa.