Nilisasisha maktaba ya roboti ya mazungumzo: majaribio yote yalipita, wapiga simu wakakatizwa

Kwa miaka mitatu nimetunza roboti ya mazungumzo inayowasaidia watu kupanga, kubadilisha na kughairi miadi. Mtu anaweza kuiandikia ujumbe au kuipigia simu akaongea nayo. Njia zote mbili zimejengwa juu ya maktaba moja ya programu huria, yaani mkusanyiko wa msimbo ulio tayari ambao yeyote anaweza kuutumia, na mwezi uliopita niliihamisha kutoka toleo la 2 kwenda la 3. Jina lake naliacha, maana yaliyonikuta yanaweza kumkuta yeyote anayetumia maktaba ya aina hii.

Sikusasisha kwa kupenda vipya. Toleo la 2 lilikuwa limenifunga kwenye lugha ya programu ya Python, toleo lake la 3.8, ambalo iliacha kupata viraka vya usalama Oktoba 2024. Roboti inayoshika namba za simu za watu na tarehe zao za miadi haifai kukaa juu ya msingi ambao matundu yake hayazibwi tena. Basi nikafungua tawi la pembeni, yaani nakala ya msimbo ya kufanyia kazi bila kugusa ule unaotumika, nikatengeneza mazingira pepe mapya ya kuendeshea programu, nikachukua nakala ya hifadhidata, nikakaa na daftari la mabadiliko, ambamo watunzaji wa maktaba huorodhesha kilichobadilika, nikalisoma lote. Namba ya kwanza ya toleo ikibadilika, watunzaji wanakuambia waziwazi kwamba kuna vya zamani vitakavyovunjika.

Vilivyovunjika kwa kelele sikuvihangaikia sana. Majina ya vitendakazi, yaani amri za maktaba ninazoziita kwenye msimbo wangu, yalibadilika, lakini ujumbe wa hitilafu ulinitajia jina jipya na mstari wa kurekebisha, na kwa hilo nawapongeza watunzaji kwa dhati. Wengi hawajisumbui hivyo. Salamu nilizorekodi zilianza kutoka nyembamba na za mbio, kwa sababu zilihifadhiwa kwa kipimo cha simu, sampuli 8,000 kwa sekunde, na toleo jipya likazicheza kana kwamba ni 16,000. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ukamaliza kazi. Baada ya siku nne majaribio yote yakapita, nikaiweka kwenye seva.

Malalamiko ya kwanza yalitoka upande wa maandishi. Mtu alikuwa ameandika: "Sighairi, nauliza tu ni saa ngapi." Roboti ikamjibu: "Miadi yako imeghairiwa."

Nilipoliona hilo kwenye kumbukumbu za mfumo nilisimamisha kila kitu. Toleo la 2, kwa mipangilio yake ya awali, lilikuwa likiyakata maneno vipande vya herufi chache chache kabla ya kukisia nia ya mwandishi. Toleo la 3 linachukua neno zima, kisha linalipunguza hadi kwenye kiini chake. Kwenye lugha ambayo ukanushi ni neno linalosimama peke yake, hasara huenda isionekane. Kwetu ukanushi umo ndani ya kitenzi. Sighairi na naghairi zinatofautiana mwanzoni tu, na ukipunguza neno hadi kiini, zote mbili zinabaki ghairi. Ile si- ndogo, ambayo ndiyo iliyobeba maana yote ya ujumbe, ilitupwa kabla roboti haijaanza kufikiri.

Nilirudisha ukataji wa herufi, nikaongeza mifano ya ukanushi mia moja na ushee (sitaki, sijasema, usighairi, hatujaghairi, asifute), kisha nikaifunza upya modeli, ile sehemu inayokisia nia ya mwandishi. Pia nilibadilisha kizingiti cha uhakika. Zamani roboti ilitenda ikiwa na uhakika wa 0.7 na kuendelea, lakini 0.7 ya modeli ya zamani na 0.7 ya modeli mpya hazilingani, kama vile alama za walimu wawili wanaosahihisha kwa vigezo tofauti. Anayesasisha asihamishe namba hii bila kuipima tena kwa ujumbe halisi. Na kitendo chochote kisichorudishika, kama kughairi, sasa roboti yangu inauliza kwanza. Nilipaswa kuiweka hivyo tangu siku ya kwanza, kabla ya maktaba kuwa na kosa lolote.

Sauti ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa haikuacha alama. Hakukuwa na hitilafu wala onyo, na simu zilionekana zimekwisha salama. Nilichogundua ni kwamba watu walikuwa wakikata simu mapema. Nikaamua kuzisikiliza rekodi moja moja.

Kwenye rekodi ya sita mama mmoja, kwa sauti ya mtu mzima, anaombwa namba ya miadi yake. Anasoma, "Tatu... saba... sifuri..." kisha kunasikika karatasi ikikunjuliwa. Roboti inaingilia: "Namba hiyo haijakamilika. Tafadhali anza upya." Anaanza tena kwa upole, anafika palepale, anakatizwa tena. Mara ya tatu anasema, "Subiri mwanangu, nasoma," na roboti inamjibu, "Samahani, sikukuelewa." Ananyamaza. Halafu simu inakatika.

Niliisikiliza rekodi hiyo mara nyingi. Mama yule hakukosea popote. Alikuwa akisoma namba kama sisi sote tunavyozisoma, kwa mafungu, akipumua katikati.

Chanzo chake kilikuwa thamani moja. Ili roboti ijue mtu amemaliza kusema, hupima ukimya. Ukifikia muda fulani, inachukua zamu. Katika toleo la 2 muda huo, kama hukuuweka mwenyewe, ulikuwa milisekunde 1,000. Katika toleo la 3 ni 500. Daftari la mabadiliko lilikuwa na habari hiyo, katika mstari mmoja chini ya kichwa cha maboresho ya kasi. Nilikuwa nimeusoma na kuupita, nikiamini kwamba kasi ni jambo jema.

Hapa inafaa nieleze kwa nini watunzaji wanaikimbilia kasi, maana hawana nia mbaya. Wanadamu hupokezana maneno upesi mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulioangalia lugha 10 ulikuta kwamba pengo kati ya swali na jibu huwa kama milisekunde 200 kwa wastani. Roboti ikikawia sekunde mbili, mpiga simu anasema "Halo? Halo?" na mazungumzo yanavurugika. Kwangu mimi, toka mtu anyamaze hadi roboti ifungue kinywa, toleo la 2 lilichukua karibu sekunde 1.9, na la 3 likashuka hadi 0.9. Niliifurahia sana namba hiyo. Nilipoichambua ndipo nikaona kwamba nusu ya sekunde imetokana na kazi halisi ya uhandisi, kwani toleo jipya huanza kutamka kipande cha kwanza cha jibu huku kilichobaki kikiwa bado kinatengenezwa. Nusu nyingine ilitokana na kumpunguzia mtu muda wa kuvuta pumzi.

Nafuu ni kwamba toleo la 3 linakuruhusu kuweka muda wa ukimya kwa kila swali peke yake, jambo ambalo la 2 halikuwa nalo. Swali la ndiyo au hapana nimeliachia 500, kwa sababu hapo haraka inafaa. Kwenye majina nimeweka 1,000. Kwenye namba ndefu nimeweka 2,000, na roboti haikatizi hadi tarakimu zitimie au mtu aseme amemaliza. Vilevile nimeifundisha maneno kama "subiri", "ngoja" na "kidogo tu", ili ikiyasikia ijibu "Sawa, nakusubiri" na ikae kimya. Tangu hapo nasikiliza rekodi ishirini kila wiki, na sijakuta tena mtu aliyelazimishwa kuanza namba upya zaidi ya mara moja.

Dosari moja ndogo imebaki. Mtu akisema "saa" kwenye laini mbaya, wakati mwingine roboti inasikia "faa". Simu ya kawaida haibebi zile sauti za juu zinazotenganisha s na f, kwa hiyo hili sitaitwika maktaba.

Je, nilifanya vizuri kusasisha? Ndiyo, na sirudi nyuma. Msimbo wangu umepungua, viraka vya usalama vinafika kwa wakati, na kasi iliyobaki baada ya marekebisho, kama sekunde 1.4 kwa maswali ya kawaida, bado inaipita ya zamani. Kama roboti yako ni ya maandishi tu, tenga wiki moja na uanze na sentensi za ukanushi. Kama inapokea simu, tenga mwezi, na usiwahamishe wapiga simu wote siku moja. Mimi niliwahamisha wote Jumatatu moja asubuhi, na waliokuwa katikati ya mazungumzo ya maandishi pia wakapoteza walichokwisha andika, kwa sababu muundo wa kuhifadhi mazungumzo ulikuwa umebadilika. Ningepeleka simu chache kwanza, yule mama asingekatizwa mara tatu.

Nimewaandikia watunzaji nikiomba badiliko lolote la muda wa ukimya liwekwe juu kabisa, pamoja na mambo yanayovunja, wala si chini ya kasi. Nimewaambatishia jaribio ambamo sauti inasoma tarakimu tisa kwa mafungu ya tatu, ikituama sekunde moja na nusu kila fungu. Toleo la 3, likiachwa kama lilivyokuja, linashindwa jaribio hilo kwenye fungu la kwanza.